Paa Bapa la Kalenga na Paa Bapa la Frankfurt

Kuna kadi ya posta ya Kijerumani ambayo huchapishwa mara kwa mara katika vitabu vya historia ya usanifu majengo. Inaonyesha mtaa wa Weissenhof mjini Stuttgart, uliojengwa mwaka 1927 na wasanifu waliotaka kuachana na mapambo ya kale: nyumba nyeupe, kuta tupu, paa bapa. Aliyeitengeneza kadi amebandika juu ya picha hiyo ngamia, simba na watu wenye kanzu na vilemba, ili mtaa mzima uonekane kijiji cha Waarabu. Kejeli yake haihitaji mkalimani. Mjerumani wa kweli halali chini ya paa bapa. Paa hilo waachiwe watu wa jangwani na wa Afrika.

Kila ninapoiona kadi hiyo nakumbuka Kalenga.

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kando ya Ruaha Mdogo. Hapo Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa jina kamili Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alijenga makao yake na kuyazungushia ukuta wa mawe na udongo. Ngome kwa Kihehe ni lilinga, na katika neno hilo ndimo lilimotoka jina Iringa. Nyumba za Wahehe wakati huo zilikuwa tembe: nyumba ndefu za pembe nne, vyumba vikifuatana kuuzunguka ua, kuta za miti na fito zilizokandikwa udongo, na juu paa bapa la boriti lililotandikwa fito, nyasi na tabaka nene la udongo. Tarehe 30 Oktoba 1894, baada ya mizinga kulia, askari wa Gavana Friedrich von Schele waliiteka ngome hiyo na kuibomoa. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajiua kule Mlambalasi kuliko kukamatwa hai. Wajerumani wakahamishia jina la Iringa juu ya mlima, kwenye mji walioujenga wao.

Kati ya kuanguka kwa Kalenga na kujengwa kwa Weissenhof ni miaka 33. Taifa lililobomoa mji wa paa bapa katika nyanda zetu za juu lilikuja kugombana lenyewe kwa lenyewe kuhusu paa bapa, na wasanifu wake hodari wakalitangaza kuwa paa la karne mpya. Mmoja wa vinara wao aliishia kuwa mkulima Tanganyika. Jina lake ni Ernst May, na naamini maisha yake yanatusaidia kuzisoma upya nyumba za Iringa na Mbeya kuliko yanavyotusaidia kuisoma Ulaya.

May alizaliwa Frankfurt am Main tarehe 27 Julai 1886. Alisoma London, Darmstadt na München, na kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa vitongoji vya bustani, makazi ambamo hata familia ya kibarua hupata kipande cha ardhi cha kupanda mboga. Somo hilo halikumtoka maisha yake yote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia ujenzi wa nyumba za vijijini huko Silesia, kisha mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ukamwita awe msimamizi wa ujenzi na mipango miji.

Frankfurt ilikuwa na njaa ya nyumba. Wafanyakazi walibanana katika vyumba ambavyo jua halikuvifikia. Ndani ya miaka mitano May na wenzake walijenga nyumba zaidi ya 12,000, nyingi zikiwa za safu, zenye paa bapa, madirisha yaliyoelekezwa kwenye jua na bustani nyuma ya mlango. Mitaa ya Römerstadt, Praunheim na Westhausen bado inakaliwa hadi leo. Mwaka 1926 alianzisha jarida, Das Neue Frankfurt, kwa kuwa aliamini mwananchi ana haki ya kuelezwa kwa nini nyumba yake imekuwa hivyo ilivyo. Kazi ikaharakishwa kwa kiwanda cha vipande vikubwa vya ukuta, vilivyofyatuliwa kwa saruji na changarawe nyepesi ya volkano, kisha vikainuliwa kwa winchi na kupangwa kimoja juu ya kingine. Msomaji wa Rungwe anaijua changarawe hiyo. Ni lile jiwe lenye vitundu kama sifongo, linaloelea majini, ambalo jembe hulikuta ardhini kuzunguka Mlima Rungwe na Ngozi.

Mwaka 1929 wasanifu wa nchi mbalimbali za Ulaya walikutana Frankfurt kujadili jambo ambalo sijaona likijadiliwa kwa uzito ule katika mkutano wowote wa nyumba hapa kwetu: nyumba ndogo kabisa ambayo binadamu anaweza kuishi kwa heshima ni ipi? Iwe na mita ngapi, mwanga kiasi gani, hewa kiasi gani? May alishika swali hilo kama mtu anayeshika deni. Ndiyo maana namheshimu, hata pale nitakapomlaumu.

Jibu maarufu zaidi la swali hilo lilikuwa jiko. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa kike kutoka Austria aliyekuwa katika kikosi cha May, alichora jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alipima mwendo wa mama anapopika, akahesabu hatua kutoka kwenye jiko hadi kwenye sinki, kutoka kwenye sinki hadi kwenye kabati, kisha akazipunguza. Unga una droo yake, sukari ina droo yake, ubao wa kupigia pasi unakunjwa ukutani, meza iko chini ya dirisha na kigoda kiko mbele yake. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt, na majiko ya makabati yanayopambwa leo katika nyumba za kisasa, Mbeya zikiwemo, ni vitukuu vyake.

Sasa ingia katika jiko la bibi wa Kinyakyusa au wa Kihehe, lile ambalo wengi wetu tuliokulia nyanda za juu tulilikuta likiwa bado linawaka. Mafiga matatu yako katikati. Bibi amekaa kwenye kigoda. Chungu kiko mbele, maji mkono wa kushoto, kuni mkono wa kulia, na yote anayafikia bila kuinuka. Juu ya moto kuna dari ya fito ambako mahindi ya mbegu yamening'inizwa, na moshi unayakausha na kuwazuia fukusi. Moshi uleule unapanda hadi kwenye nyasi za paa, unawafukuza wadudu, unakausha miti, na paa linadumu miaka mingi kuliko paa la nyumba isiyopikiwa. Kuni mbichi zinasubiri zamu yao juu ya moto. Usiku wa Juni, baridi ya milima ya Uporoto inapokata mifupa, moto huohuo ndio blanketi la watoto. Hakuna aliyeandika hesabu ya hatua za bibi, ila mtu alizihesabu, na aliyefuata akarithi hesabu hiyo kwa kukaa kwenye kigoda kilekile.

Tofauti ya majiko haya mawili iko katika idadi ya watu. Jiko la Frankfurt lilipimwa kwa mwanamke mmoja akiwa peke yake. Mtoto akiingia, hakuna pa kumweka. Jirani akija, anasimama mlangoni. Wanaharakati wa wanawake wa Ulaya walikuja kulilaumu kwa hilo miaka ya 1970, wakisema lilimfungia mama ndani ya kazi yake. Jiko la nyanda za juu lilipimwa kwa kundi: bibi, mkwe anayejifunza, watoto wanaongoja viazi vilivyofukiwa majivuni, mgonjwa anayeota moto. Moshi wake lakini uliumiza macho na vifua, na sitausifu kwa ajili ya kupendezesha maandishi. Kwa usafi na afya, Lihotzky ameshinda. Kwa uhai wa familia, bibi ameshinda. Na tazama tulivyofanya sisi: tunajenga jiko la makabati ndani ya nyumba kwa gharama kubwa, halafu tunapashia chai humo, na ugali, maharage na makande vinapikwa kwenye kibanda cha mabati uani. Mama anayeinama katika kibanda hicho hajapata faida ya mapokeo yoyote kati ya hayo mawili.

Nirudi kwa May. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti na kikosi cha wataalamu kuchora miji mipya ya viwanda, Magnitogorsk ukiwa mmojawapo. Mambo hayakwenda alivyotarajia, na alipokuwa akiondoka huko Hitler alikwishashika madaraka kwao. May, ambaye ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyahudi na ambaye kazi zake zilichukiwa na watawala wapya, hakuwa na pa kurudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha na kushika jembe. Mwaka 1937 akafungua ofisi Nairobi. Vita vya pili vilipozuka Waingereza wakamwona ni raia wa adui, wakamweka kizuizini Afrika Kusini. Akaachiwa, akarudi kuchora.

Mwaka huohuo wa 1934 ulimleta Rungwe mtu mwingine wa Ulaya. Godfrey Wilson, mtafiti wa jamii, alianza kuishi na Wanyakyusa, na muda si mrefu mkewe Monica akaungana naye. Walikaa na kusikiliza hadi 1938. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingekuwa hazina kubwa kwa May kama angelisikia wakati akichora nyumba za Waafrika: vijiji vya rika.

Mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kama kumi au kumi na mmoja hakuendelea kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja waliondoka, wakajenga vibanda vyao vya matete pembezoni mwa kijiji cha wazazi. Chakula walikula kwa mama zao, wakipita nyumba hadi nyumba kwa kundi, ila kulala walilala kwao. Vibanda vya mwanzo vilikuwa vya kitoto, vikaanguka, vikajengwa tena. Miaka ilivyokwenda vijana walikua, mikono ikakomaa, wakaoa, na kibanda cha matete kikageuka nyumba ya mianzi ya mtu mzima mwenye mke. Hatimaye ulifika wakati wa ubusoka, sherehe ambayo kwayo wazee walikikabidhi kizazi kipya ardhi na uongozi. Lengo la mpango huu wote lilikuwa na jina, ukwangala: raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao.

Na nyumba zenyewe hazikuwa vibanda vya kusikitikiwa. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya usafi na uzuri wa makazi yale yaliyojificha katika migomba. Mianzi ilisimikwa na kufumwa kwa ustadi, nafasi zake zikajazwa udongo, na wanawake wakausiriba ukuta kwa mikono na kuupamba kwa udongo wa rangi. Mkono wa mwanamke ndio uliomalizia nyumba. Nisisitize hilo, kwa sababu katika ujenzi wa leo mwanamke ameachiwa kazi ya kubeba maji na mchanga, na ufundi wote umehesabiwa kuwa wa mwanamume.

Tuweke mapokeo haya mawili sambamba. May na Wanyakyusa walikuwa wanashughulika na jambo moja: kuwapa watu wa umri na hali inayofanana mahali pa kuanza maisha, kwa eneo dogo, kwa vifaa vya karibu, huku kila nyumba ikiwa na shamba lake, iwe bustani ya mboga ya Frankfurt au migomba ya Rungwe. Wote waliamini kwamba makazi hulea tabia. Walipoachana ni kwenye mkono. Kwa May, nyumba inatoka kwenye ubao wa mchoraji, inapita kiwandani, inamfikia mkaaji ikiwa imekamilika. Kazi ya mkaaji ni kujifunza kuishi ndani yake. Kwa Mnyakyusa, nyumba inaanza na mtoto anayekosea, inakua kadiri mjenzi anavyokua, na kijiji kizima ni chuo cha ujenzi kisicho na mlango.

Jaribio la May la mwaka 1945 linaonyesha pengo hilo vizuri. Alibuni nyumba ya gharama nafuu kwa ajili ya Waafrika: mbavu zilizopinda kama upinde, na juu yake vibao vya zege vya kutundikwa kwa ndoana, kimoja baada ya kingine, hata na vibarua wasio na ujuzi. Umbo lake alilitoa kwenye msonge wa nyasi. Ni wazo la akili nyingi na lilitokana na kumtazama Mwafrika kwa makini. Lakini alichukua mkunjo wa paa akaacha mkono ulioukunja. Nyumba ya vibao vya zege haikarabatiwi kwa kukata mwanzi kando ya mto, na mama hawezi kuisiriba upya masika yakiisha. Mtu aliyejua kujenga anageuzwa kuwa mtu wa kujengewa.

Kampala ni kosa kubwa zaidi. Serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji, na mpango wake wa vilima vya Kololo na Naguru ulichapishwa mwaka 1947. Una mengi mazuri ya kifundi: barabara zinazofuata mzunguko wa kilima, mabonde yaliyoachwa wazi ili hewa ipite, makazi yaliyogawanywa kwa vitongoji vyenye huduma zao. Hata hivyo uligawa watu kwa rangi, Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, Waafrika mahali pao, na ukamchukulia Mwafrika kama mtu wa kuvushwa ngazi kwa ngazi hadi afae kukaa mjini. Ni kweli kwamba ukoloni ndio uliomwajiri na ndio uliotaka iwe hivyo. Lakini mtu aliyefungiwa mlango wa kwao kwa sababu ya damu ya ukoo wake alishika kalamu akachora vilima vya rangi, na hilo siwezi kulipita kimya.

Moshi alifanya vizuri zaidi, na nadhani ni kwa sababu waliomtuma walikuwa watu wengine. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilimwita kuchora jengo lake kubwa mjini, la shughuli za ushirika, elimu na utamaduni wa Wachaga. Wakulima walijua wanachotaka na walilipa kwa jasho lao. Mombasa pia aliacha alama, Hoteli ya Oceanic iliyoupinda mwili wake kuelekea upepo wa bahari. Kufikia mwaka 1954 alikuwa amerejea Ujerumani, na baadaye akawa miongoni mwa waliopanga Neue Vahr mjini Bremen, mtaa wa nyumba kama 10,000 uliojengwa kati ya 1957 na 1962.

Jina la Bremen halipiti hivihivi masikioni mwa mtu wa Iringa. Fuvu la Mkwawa, ambalo kurudishwa kwake kuliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lilichukuliwa kutoka makumbusho ya Bremen, na Gavana Edward Twining akalikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Fuvu likaja kusini, msanifu akaenda kaskazini, karibu ndani ya mwaka mmoja. Tembe zilizokizunguka kichwa kile kilipokuwa hai hakuna aliyezirudisha, kwa kuwa nyumba ya udongo ikibomolewa hakuna cha kuweka kabatini.

Nizungumzie paa, maana hapo ndipo uhakiki huu ulipoanza na ndipo nyanda za juu zinapotoa hukumu yake.

Tembe ni nyumba ya nchi kavu. Iringa hupata mvua za msimu mmoja, kisha miezi mingi ya jua la mchana na baridi kali ya usiku, mahali palipo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Paa nene la udongo hunywa joto la mchana polepole na kulitoa polepole usiku, hivyo ndani hakuunguzi na hakugandishi. Juu yake watu walianika nafaka. Moto wa adui haukulishika kirahisi kama unavyoshika nyasi. Kabla ya masika lilikandikwa upya. Ukilipeleka paa hilo Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, litageuka tope kabla ya Pasaka. Ndiyo maana Mnyakyusa aliinua paa lake liwe kali, akaweka nyasi zinazomwaga maji upesi, akatumia mianzi inayopumua. Katika nyanda zilezile, mwendo wa siku moja kwa gari, kuna majibu mawili yanayopingana na yote ni sahihi.

Hapa ndipo wasanifu wa kizazi cha May walipoteleza. Paa bapa kwao lilikuwa bendera. Walilipeleka kila mahali, nalo likavuja pale palipopaswa kuvuja. May mwenyewe alijirekebisha alipofika Afrika. Majengo yake ya huku yana vibaraza virefu, vikinga jua na madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Jua la ikweta lilimfundisha, naye alikubali kufundishwa akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Hilo ni sifa yake.

Sisi je, tumefundishwa na nini? Wajerumani na wamisionari walituletea tofali la kuchoma. Wamoravia walikuwa Rungwe tangu 1891, Wabenediktini walifika Tosamaganga kabla ya karne kwisha na Wakonsolata wa Italia wakawarithi, na ukipanda Tosamaganga leo utaona kuta na vigae vinavyokupeleka Italia ukiwa bado Uhehe. Tofali likawa alama ya mtu aliyeendelea. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakapangwa kwa mstari ulionyooka kando ya barabara, mbali na migomba na makaburi yao. Mstari huo ni binamu wa safu za Frankfurt, tofauti ikiwa kwamba Frankfurt nyumba ilitangulia mkaaji, na kwetu mara nyingi mkaaji alitangulia nyumba.

Leo ukishuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu kupitia Isyonje na Kiwira, utaona matanuri ya matofali yakifuka, kuni zikiteketea, na nyumba za bati zikipanda vilima. Ramani ni ileile ya Kimara na Kinondoni jijini Dar es Salaam: sebule kubwa, chumba masta, dirisha pana la alumini linalotazama barabara hata kama upepo wa baridi unatoka hukohuko. Mvua ya Tukuyu ikipiga bati lisilo na dari, mazungumzo yanakatika hadi ipite. Julai ikifika, watu wanalala na makoti katika nyumba iliyogharimu akiba ya miaka kumi. Na kando ya kila nyumba iliyokamilika kuna boma, kuta zilizosimama bila paa zikingoja fedha. Neno hili boma limebeba historia yetu yote ya ujenzi: ua wa ng'ombe wa babu, ofisi ya Mjerumani, na sasa nyumba isiyoisha. Pale Iringa mjini jengo la Wajerumani lililokuwa hospitali ya jeshi limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016, nalo huitwa Iringa Boma.

Hata hivyo lile boma la kuta tupu lina kitu cha Kinyakyusa ndani yake. Linakua na mwenyewe. Linajengwa chumba kwa chumba, kijana akikosea na kurekebisha, fundi akiwa jirani. Asili yetu ya kujenga haijafa. Imekosa elimu inayoifaa. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka, ni mahali ambapo May na kijiji cha rika wangeweza kukutana: kipande kinachofyatuliwa kwa kipimo kimoja kama cha kiwandani, ila mikononi mwa vijana wa palepale, kwa udongo wa palepale. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alionyesha njia katika miaka ya 1970 alipolisimamisha Soko la Kariakoo juu ya nguzo zilizotanua vichwa kama miti ya kivuli. Naye alitazama asili, lakini hakuishia kwenye umbo: alitazama watu wanavyouziana chini ya mti.

Mjini Frankfurt, nyumba moja ya safu ya Römerstadt imerejeshwa ilivyokuwa na kufanywa makumbusho, na jiko la Lihotzky limo ndani, droo zake zote mahali pake. Majiko mengine ya aina hiyo yamewekwa katika makumbusho makubwa ya New York na London. Jiko la familia ya mfanyakazi wa kawaida limehifadhiwa kama kito, na linastahili. Sisi tuna Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, chenye mifano ya nyumba za makabila yetu, na ni kazi njema. Lakini mfano uliojengwa pwani hauna baridi ya Iringa wala mvua ya Rungwe ya kuupima, na hauna bibi wa kueleza kwa nini dari ya mahindi iko pale ilipo.

Ombi langu ni kwa walimu na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kwako msomaji ambaye kwenu kumebaki tembe, nyumba ya mianzi au hata jiko la zamani lililoegemea mgomba. Nendeni na futi kamba na kipimajoto. Pimeni unene wa ukuta, urefu wa mlango, joto la ndani saa nane mchana na saa kumi usiku. Muulizeni bibi udongo mwekundu ulichimbwa wapi na mweupe wapi, na ulisiribwa kwa mkono upi. Andikeni majina ya kila mti na kila fito kwa Kihehe na Kinyakyusa. Fanyeni hivyo kiangazi hiki, kwa sababu paa la udongo lisilokandikwa halivuki masika.